Ukungu ukutani: Ziba maji, usizibe hewa

Mwezi mmoja wa Julai mama fulani alimleta kwangu mwanawe wa miaka minne kwa mara ya tatu katika muda wa miezi miwili. Mtoto alikuwa akikohoa usiku, na kifua kikitoa sauti kama filimbi. Kila nilipompa dawa alipata nafuu siku chache, kisha hali ikarudi palepale. Siku hiyo niliuliza swali nililopaswa kuuliza mapema: mtoto huyu analala wapi?

“Analala chumba cha nyuma, Daktari,” akajibu. “Na tumekitengeneza vizuri mwaka huu.”

Nyumba yao ni ya mawe, ya zamani. Ukuta ulipoota madoa meusi waliukwangua na kuupaka rangi ya mafuta. Baridi ilipozidi, waliziba matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha kwa magazeti. Jioni waliingiza jiko la makaa ili chumba kipate joto. Majuma machache baadaye madoa yalirudi, mengi kuliko ya kwanza.

Wazazi hao hawakuwa wazembe. Walitumia pesa zao kuiboresha nyumba, lakini walianzia mwisho badala ya mwanzo.

Ukungu na kifua

Madoa hayo meusi au ya kijani ni ukungu, yaani kuvu. Huota mahali penye maji na hurusha chembe ndogo mno hewani. Tukizivuta, huweza kuamsha pumu, mafua yasiyokwisha, macho kuwasha na kikohozi. Watoto wadogo, wazee na wenye pumu ndio huumia zaidi. Mwaka wa 2009, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likisisitiza kwamba dawa ya kwanza ni kuzuia unyevu wenyewe.

Hili si jambo dogo. Nchini Uingereza, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020 katika mji wa Rochdale. Mnamo Novemba 2022 uchunguzi rasmi ulibainisha kwamba aliugua njia za hewa kwa kuishi muda mrefu katika nyumba yenye ukungu. Sehemu ya sheria ya mwaka wa 2023 nchini humo inajulikana kwa jina lake.

Maji yanatoka wapi?

Kabla ya kununua mkebe wa rangi, tafuta chanzo cha maji. Mara nyingi ni kimoja kati ya hivi vitatu:

1. Maji ya juu. Mabati yaliyotoboka, mfereji wa paa ulioziba au bomba linalovuja. Doa huonekana karibu na dari na huongezeka mvua inaponyesha.

2. Maji ya chini. Nyumba nyingi za zamani hazina kizuizi cha unyevu katika msingi, au kilichopo kimechakaa. Ukuta hufyonza maji ya ardhini kama utambi unavyofyonza mafuta. Plasta hubanduka upande wa chini na kuacha unga mweupe wa chumvi.

3. Maji ya hewani. Chupa ya soda iliyotoka kwenye friji hutoa jasho. Ukuta baridi hufanya vivyo hivyo. Pumzi zetu, sufuria inayochemka na nguo zilizoanikwa ndani vyote hutoa mvuke. Hata stovu huchangia: lita moja ya mafuta ya taa ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke.

Iwapo huna hakika, bandika kipande cha karatasi ya plastiki ukutani, ukikaze pande zote kwa utepe, na ukiache siku mbili. Maji yakionekana upande wa chumbani, yametoka hewani. Yakionekana nyuma ya plastiki, yanatoka ndani ya ukuta.

Mpango wa kazi

Anza nje. Rekebisha paa, mifereji na mabomba. Ondoa udongo uliorundikana ukutani, ili ardhi ya nje iwe chini kuliko sakafu na maji ya mvua yaelekee mbali na nyumba.

Kisha bandua plasta iliyooza na uache ukuta ukauke. Ukuta mnene wa mawe huhitaji miezi kadhaa, kwa hivyo usimharakishe fundi.

Walio katika nyumba za kale za Pwani, kama zile za Mji wa Kale wa Mombasa, wajihadhari na simiti. Kuta hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hupumua. Ukizipaka simiti au rangi ya mafuta unayafungia maji ndani. Plasta ya chokaa na rangi ya chokaa ndizo zinazozifaa.

Mwisho, fikiria joto. Kama mabati yako hayana dari, iweke: itapunguza joto la mchana na baridi ya usiku. Ukuta uliokauka nao huhifadhi joto kuliko ukuta uliolowa. Hita ya wati 2,000 ikiwashwa saa tatu hula uniti 6 za stima. Balbu ya LED ya wati 10 ingewaka saa 600 kwa uniti hizo! Pesa za hita zinunue dari na blanketi.

Ukungu kidogo uoshe kwa maji na sabuni, ukiwa umevaa glavu na kufunika pua na mdomo, kisha ukaushe. Usichanganye dawa ya madoa na dawa nyingine ya kusafishia. Mvuke wake unaweza kukudhuru.

Onyo

Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Hewa yake ya sumu haina harufu. Ukiumwa kichwa, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu, toka nje mara moja pamoja na wenzako na mwende hospitalini.

Vilevile, si kila kikohozi huletwa na ukungu. Kikizidi majuma mawili, nenda ukapimwe kifua kikuu, ugonjwa unaoenea kwa urahisi katika vyumba vilivyojaa watu na visivyo na hewa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi ziba ufa unaopitisha maji, wala si tundu linalopitisha hewa. Yule mama alitoa magazeti, jiko likabaki nje, na mwenye nyumba akabadilisha mabati mawili yaliyokuwa yakivuja. Mtoto bado ana pumu na hubeba dawa yake ya kuvuta, lakini siku hizi hulala usiku kucha.