Mtoto Hakui Tumboni: Presha Ipimwe Kila Hudhurio

Malalamiko yanayofika kwa watoa huduma za uzazi yanafanana. Mama kahudhuria kliniki, kala alichoweza, kajifungua mtoto wa kilo 1.8. Nyumbani hukumu imeshapita: mama mkwe anasema hakula, jirani anasema ukoo wao wote ni wadogo. Mara nyingi wote wawili wamekosea. Tatizo lilikuwa kwenye kondo la nyuma, na huenda lingeonekana mapema kama presha, mkojo na tumbo vingepimwa kila hudhurio.

Kondo ndilo linalompitishia mtoto chakula na hewa. Kwa kawaida, mishipa ya damu ya mji wa mimba hupanuka katika miezi ya mwanzo ili damu ya kutosha ifike huko. Ikibaki myembamba, kondo hupungukiwa damu, na mtoto hupungukiwa chakula. Kisha kondo hilohilo humwaga kwenye damu ya mama kemikali zinazoumiza mishipa yake: presha inapanda, protini inavuja kwenye mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90 baada ya wiki 20, na protini ikaonekana, hiyo ni priklampsia, hali inayotangulia kifafa cha mimba. Inayoanza kabla ya wiki 34 ndiyo inayomdumaza mtoto zaidi. Inayokuja mwishoni, mara nyingi humkuta mtoto ana uzito wake.

Lakini presha nzuri si cheti cha kondo zima. Mishipa inaweza kushindwa kupanuka na presha ya mama isipande kabisa. Zaidi ya hapo, kuna visababishi vingine vya mtoto kutokua: upungufu wa damu, kaswende, rubela, sigara, maradhi ya figo, mapacha wanaogawana kidogo kilichopo, na kasoro za kimaumbile za mtoto mwenyewe.

Na kuna malaria. Vimelea hujificha ndani ya kondo, hata kipimo cha kidole kikaonyesha hakuna kitu. Utafiti uliofanyika Muheza, Tanga, na kuchapishwa mwaka 2006 uliihusisha malaria ya kondo na presha ya juu kwa wanawake wenye mimba ya kwanza. Maadui hao wawili, kumbe, wanaweza kufika pamoja. Ndiyo maana dozi za SP, dawa ya kukinga malaria kwa wajawazito, kuanzia miezi mitatu ya kwanza ikishapita, hazitupwi wala hazifichwi chini ya godoro. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya VVU hapewi SP, amweleze mhudumu.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kipimo cha presha. Priklampsia haiumi mwanzoni. Mama anacheka, anafua, anakwenda sokoni, na presha iko 150 kwa 100. Miguu ikivimba anaambiwa ni mtoto wa kiume. Akianguka kwa kifafa anapelekwa kwa mganga kutolewa pepo. Hili likome. Mama asikubali kuondoka kliniki kabla presha haijapimwa na kuandikwa kwenye kadi, mkojo haujapimwa, na futi kamba haijapita tumboni. Kuanzia wiki 24, urefu wa tumbo kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki. Ukibaki nyuma kwa tatu au zaidi, mama apelekwe kwenye ultrasaundi.

Aspirini ya dozi ndogo husaidia baadhi ya wajawazito, wakiwemo waliowahi kupata priklampsia. Huandikwa na mtaalamu, hainunuliwi dukani kwa ushauri wa shoga.

Wahudumu wamefundishwa, sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa inajulikana, na huduma za wajawazito katika vituo vya umma Tanzania ni bure kwa sera. Utaratibu uulizwe kituoni.

Mjamzito mwenye kichwa kinachouma sana, macho yenye ukungu, maumivu chini ya mbavu au mtoto aliyepunguza kucheza asisubiri tarehe ya kadi. Apelekwe kituoni siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.