SOMO LA AFYA: NDUGU WA TUMBO MOJA, DAMU MBALIMBALI

Hapa Bisil mtu akiishiwa damu, kwa ajali ya barabara ya Namanga au mama akijifungua, tunasema, "Atolewe kaka yake, si ni wa tumbo moja?" Pengine itafaa, pengine itamuua. Sababu ni hii.

Ng'ombe wa kila boma wana chapa. Chembe nyekundu za damu pia zina chapa, nazo zaitwa antijeni. Zilizo kubwa ni A na B. Katika maji ya damu mna askari, ndio kingamwili. Askari hawaigusi chapa ya nyumbani, lakini chapa ya kigeni wanaishambulia. Chembe zile hushikana na kupasuka, figo zinaharibika, na mgonjwa aweza kufa.

Daktari Karl Landsteiner wa Vienna alieleza jambo hili mwaka 1901. Makundi ni manne:

A: chapa A, askari wa kupinga B.
B: chapa B, askari wa kupinga A.
AB: chapa zote mbili, hana askari hao.
O: hana chapa hizo, ana askari wote wawili.

Basi mwenye O hupokea O peke yake. Baba wa A na mama wa B waweza kuzaa watoto wa makundi yote manne! Ndiyo maana hospitali hupima kwanza.

Wazee watauliza, mbona damu ya ng'ombe tunakunywa? Hiyo huenda tumboni ikasagwa kama chakula. Haiingii mishipani.

Akina mama, iko chapa nyingine, Rh. Asiye nayo huitwa Rh hasi. Akizaa mtoto mwenye Rh, mwili wake waweza kutengeneza askari watakaomshambulia mtoto wa mimba ijayo. Iko sindano ya kuzuia, nayo baada ya kuzaa hudungwa ndani ya saa 72. Kwa hivyo usikose kliniki, na uulize kundi lako.

Tusingoje ajali. Mwenye afya, wa miaka 16 hadi 65 na kilo 50 au zaidi, anaweza kutoa damu. Damu haitengenezwi kiwandani, hutoka kwa jirani.

Tujadiliane:
1. Wangapi kati yetu wanajua kundi lao?
2. Mwenye B akipewa damu ya A, itakuwaje?
3. Tufanye nini ili damu iwepo kabla ya shida?