Aliyepewa Jembe si Mgeni Tena



Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunaitumia methali hii kumsema mgeni asiyetaka kuondoka. Lakini ina upande wa pili ambao hatuuzungumzii: ukishampa jembe naye akalima, je, bado una haki ya kumwita mgeni?

Swali hili ndilo linalozisumbua nchi za Ulaya kila zinapojadili wahamiaji na jamii zenye tamaduni nyingi. Tuchukue mfano wa Ujerumani.

Tarehe 30 Oktoba 1961 Ujerumani Magharibi ilitiliana saini na Uturuki mkataba wa kuajiri wafanyakazi. Agosti ya mwaka huo Ukuta wa Berlin ulikuwa umeanza kujengwa, watu wa Mashariki hawavuki tena, na viwanda vinahitaji nguvukazi. Waturuki wakaingia migodini na viwandani. Jina walilopewa ni “wafanyakazi wageni”. Mpango ulikuwa wakae miaka miwili, warudi kwao, waje wengine. Waajiri wakalalamika, kwani nani anataka kumfundisha mtu kazi kisha ampoteze? Mwaka 1964 kikomo hicho kikaondolewa. Mwaka 1973 serikali ikasimamisha kuajiri wapya. Waliokuwapo wakaogopa kwamba wakitoka hawatarudi, wakawaita wake na watoto wao.

Watoto wakazaliwa Ujerumani na wakasoma huko, lakini kisheria walibaki wageni kama baba zao, kwa kuwa uraia ulifuata damu na si mahali pa kuzaliwa. Sheria hiyo ilibadilika mwaka 2000. Masomo ya lugha ya Kijerumani yaliyopangwa kitaifa kwa ajili ya wahamiaji yalianza mwaka 2005, miaka 44 baada ya mkataba. Katikati ya hapo, Mei 1993, vijana wenye chuki waliichoma moto nyumba ya familia ya Kituruki mjini Solingen. Wanawake na wasichana watano walipoteza maisha.

Oktoba 2010 Kansela Angela Merkel alitangaza kuwa jaribio la kujenga jamii ya tamaduni nyingi limeshindwa kabisa. Tujiulize: lilijaribiwa lini? Huwezi kumwambia mtu kwa miaka 40 kuwa yu njiani kurudi kwao, kisha ukamlaumu kwa kutokujenga.

Kuchangamana si kumezwa

Hapa pana mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumezwa ni mhamiaji kutakiwa aache jina, vazi na ibada yake ndipo akubalike. Kuchangamana ni yeye ajue lugha ya nchi, afuate sheria na afanye kazi, na mwenyeji naye amfungulie milango ya shule, ajira na uraia bila kumtaka ajikane.

Na haki lazima isemwe hata kama inatugusa. Wapo wahamiaji, wakiwemo Waislamu, waliokaa ugenini miongo mitatu bila kujifunza lugha ya jirani yao, masanduku yamefungwa tayari kwa safari isiyofika. Hilo tusilitetee kwa sababu tu ni ndugu zetu katika imani.

Darasa la Madina

Waislamu wa Makka walipohamia Madina mwaka 622, Mtume (s.a.w.) aliunga udugu kati ya Muhajirina na Answari, mtu kwa mtu. Saad bin Rabii (r.a.) alimwambia ndugu yake mpya, Abdulrahman bin Auf (r.a.), kuwa yu tayari kumgawia nusu ya mali yake. Abdulrahman akamwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaanza kuuza samli na jibini. Zingatia pande zote mbili: mwenyeji hakuficha mali yake, na mhamiaji hakukaa kusubiri kulishwa.

Ujerumani nayo imejifunza, ingawa kwa kuchelewa. Tangu Juni 2024 sheria yake inaruhusu uraia pacha, na miaka ya ukaazi inayotakiwa kwa kawaida imepunguzwa kutoka 8 hadi 5. Ugur Sahin alifika huko akiwa mtoto wa miaka minne, baba yake mfanyakazi wa kiwanda cha Ford mjini Cologne. Yeye na mkewe Özlem Türeci, binti wa wahamiaji kutoka Uturuki, ni miongoni mwa waanzilishi wa BioNTech, kampuni iliyotengeneza chanjo ya Uviko mwaka 2020 pamoja na Pfizer.

Lakini tusiishie kuinyooshea kidole Ulaya. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Walilima na wakajitegemea. Zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Ni jambo la kujivunia, lakini lilichukua miaka 42.

Na cheti hutolewa na serikali, ilhali ujirani hutolewa na mimi na wewe. Yule jirani yako aliyetoka Kongo, Burundi au Somalia, ambaye watoto wake wanasoma madrasa moja na wako, unamwitaje anapokuwa hayupo?

Wabillahi tawfiiq.