Kabla ya Kununua Jiko, Elewa Asilimia Zake

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya Juni na Julai inapoingia, jiko la makaa hupewa kazi mbili: kupika na kupasha nyumba joto. Huu ndio msimu ambao wengi wetu hununua jiko jipya, na muuzaji hutuonyesha kibandiko kilichoandikwa, kwa mfano, "ufanisi asilimia 40". Somo hili linaeleza maana ya nambari hiyo, na jambo moja ambalo nambari hiyo haisemi.

Ufanisi ni nini?

Makaa yakiwaka, si joto lote linalofika kwenye sufuria. Lingine hupotea pembeni, lingine hupasha chuma cha jiko. Ufanisi ni ile sehemu ya joto inayoingia kwenye chakula. Jiko la asilimia 40 linatumia sehemu 40 za joto kati ya 100 kupika. 60 zilizobaki zinapotea.

Mafiga matatu huwa na ufanisi wa karibu asilimia 10 hadi 15. Jiko la kauri, lile la mabati lenye udongo uliochomwa ndani, ambalo lilianza kuenea Kenya mapema miaka ya 1980, hufikia karibu asilimia 25 hadi 30. Udongo huo huzuia joto lisitorokee kwenye mabati.

Hesabu ya mfukoni

Tuseme jiko lako lina ufanisi wa asilimia 15 na unatumia makaa ya shilingi 100 kwa siku.

- Ukihamia jiko la asilimia 30, utatumia shilingi 50. Umeokoa shilingi 50.
- Ukihamia la asilimia 45, utatumia takriban shilingi 33. Umeongeza akiba ya shilingi 17 tu.

Ufanisi umepanda kwa asilimia 15 mara zote mbili, lakini akiba si sawa. Anayetoka kwenye jiko duni ndiye anayefaidika zaidi. Ikiwa tayari una jiko zuri la kauri, usikimbilie la bei ghali kabla ya kupiga hesabu. Kagua kwanza kama udongo wa ndani umepasuka. Fundi wa jua kali anaweza kukubadilishia kwa gharama ndogo.

Madaraja 0 hadi 5

Tangu mwaka wa 2018 kuna utaratibu wa kimataifa wa kuyapanga majiko ya kupikia kwa madaraja kuanzia 0 hadi 5. Kwa ufanisi, daraja la 2 huanzia asilimia 20, la 3 asilimia 30, la 4 asilimia 40, na la 5 asilimia 50. Hata hivyo, moshi, hewa ya sumu, usalama na uimara hupimwa kila kimoja peke yake. Jiko laweza kuwa daraja la 4 kwa ufanisi na likawa chini kabisa kwa hewa ya sumu. Basi ukiambiwa "hili ni daraja la 4", uliza: la 4 kwa kipimo gani? Uliza pia kama limepimwa kwa kiwango cha KEBS cha majiko ya kuni na makaa, KS 1814.

Jambo ambalo asilimia haisemi

Asilimia hiyo hupima joto linaloingia kwenye sufuria, si linaloingia chumbani. Jiko lenye ufanisi mkubwa hupasha chumba kidogo kuliko jiko la zamani. Wengine wakiona hivyo huongeza makaa, hulihamishia chumba cha kulala, kisha hufunga madirisha. Hapo ndipo hatari ilipo.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na aliyelala haamshwi nayo. Hakuna daraja la ufanisi linaloiondoa. Makaa yaliyofifia na kufunikwa na jivu bado yanaitoa.

- Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba, hata likionekana limezimika.
- Unapopika, acha dirisha au mlango wazi.
- Mtu akiumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, mtoe nje mara moja na umpeleke hospitali.
- Usiku, tegemea blanketi, nguo nzito na chupa ya maji moto.

Jipime

Jiko A lina ufanisi wa asilimia 20 na bei yake ni shilingi 800. Jiko B ni asilimia 40, shilingi 3,800. Ukiwa na A unatumia makaa ya shilingi 60 kwa siku. B litarudisha tofauti ya bei baada ya siku ngapi? Na je, ni lipi kati yao linalofaa kuwekwa chumba cha kulala?

*Jibu: B linaokoa shilingi 30 kwa siku, hivyo tofauti ya shilingi 3,000 inarudi baada ya siku 100. La chumba cha kulala: hakuna.*