Somo: Ujenzi wa Umma, Mto na Viumbe Vyake



Safari hii tunajifunza yanayoupata mto pale Serikali inapojenga. Mfano wetu tunauchukua kwa jirani zetu wa Tanzania, katika mto Kihansi unaoteremka milima ya Udzungwa.

Katika miaka ya 1990 bwawa la umeme wa megawati 180 lilijengwa hapo. Umeme ule ulihitajika, nasi hatumo katika kundi la wanaosema usingejengwa. Viwanda haviendeshwi kwa kuni. Lakini mwaka 1996, kazi ikiwa imekwisha kuanza, wataalamu walikuta kando ya maporomoko chura wa rangi ya manjano asiyefika hata sentimita 3, asiyetaga mayai bali huzaa watoto hai. Hapatikani kwingine duniani. Makazi yake yote yalikuwa kama hekta 2, na uhai wake ulitegemea manyunyu ya maporomoko yale.

Bwawa lilipoanza kazi, maji ya maporomoko yalipungua kwa kiasi cha asilimia 90. Manyunyu yakakoma. Ikabidi yatandazwe mabomba ya kunyunyizia maji, mfano wa yale ya kwenye vitalu vya miche, na mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa Marekani, bustani ya wanyama ya Bronx, ili mbegu isipotee. Mabomba yalisaidia kwa muda. Mwaka 2003 vyura wakafa kwa wingi ghafla. Walikutwa na ugonjwa wa ukungu wa ngozi. Tena wakati ule ule milango ya bwawa ilikuwa imefunguliwa ili kuondoa tope, na tope hilo lilishukiwa kubeba dawa za wadudu kutoka mashamba ya juu. Sisi wa mashambani dawa hizo tunazijua. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Kazi ya kumrudisha ilianza mwaka 2012.

Kwa nini alijulikana ujenzi ukiwa umeanza? Kwa sababu uchunguzi wa awali haukulitazama bonde lile inavyostahili. Gharama ya mabomba, ya ndege na ya miaka yote ya kumlea ugenini ilitokana na hapo.

Karibu na kambi zetu hayajengwi mabwawa, hujengwa shule, zahanati na masoko. Huko hatari ni udongo na saruji. Kontrakta akifyeka mteremko mzima kabla ya masika, mvua ya kwanza hushusha tope mtoni. Tope huziba matamvua ya samaki na kufunika mayai yao, nasi tunachota maji hayo hayo. Kuhusu saruji, kibarua aliyechanganya zege bila glavu anajua inavyobabua mikono. Makarai na koleo zikisuuzwa mtoni, samaki hubabuka vivyo hivyo, naye hana pa kunawa.

Kinga yake si ya gharama kubwa. Kufyeka kufanywe kwa vipande, majani na miti ya ukingoni iachwe, mtaro uchimbwe upande wa chini uishie kwenye shimo la kutulizia tope, na vyombo visuuzwe kwenye shimo jingine mbali na mto. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.

Hata hivyo kibarua wa kutwa akikataa peke yake kumwaga maji ya saruji mtoni, kesho yake hana kazi. Ndiyo maana jambo hili ni la chama. Wajumbe wa matawi yaliyo karibu na ujenzi waje kwenye mkutano ujao na majibu haya: je, ripoti ya uchunguzi wa mazingira ipo, na nani ameisoma? Vyombo vya zege vinasuuzwa wapi? Na kambi iliyo chini ya mteremko inachota maji wapi?