Homa imeisha, usaha wa sikio unatoka wapi?

SWALI: Daktari, mwanangu ana miaka mitatu. Kila kipupwe sikio lake hutoa usaha. Safari hii zahanati walimpa dawa ya maji, homa na maumivu vikaisha, lakini hii ni wiki ya tatu usaha bado unatoka. Kama dawa imeua wadudu, usaha huo unatoka wapi? Bibi yake anashauri tumtie mafuta ya nazi ya vuguvugu. – Mama, Soni, Lushoto

JIBU: Mama, mafuta msimtie kabisa, sababu nitaieleza. Tuanze na usaha, maana umeuliza swali zuri.

Usaha si uchafu ulioingia kutoka nje. Sehemu kubwa ni chembe nyeupe za damu ya mwanao mwenyewe, zilizofia vitani. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, kilichounganishwa na koo kwa mrija. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, hivyo kamasi za mafua huuziba kwa urahisi na wadudu hupanda hadi chumbani. Na kipupwe cha huko kwenu Usambara, kuanzia Juni, watu hujifungia ndani na moshi wa kuni, mafua yakizunguka nyumba nzima.

Wadudu wakiingia, ngozi laini ya chumba hicho hutoa protini ndogo za kupeana habari, ziitwazo saitokini. Kati ya hizo, interlukini-1 na TNF hupiga mbiu: mishipa ya damu hupanuka na kuvuja majimaji, na ubongo hupandisha homa. Interlukini-8 huziita chembe nyeupe. Saitokini hizo hizo huziamuru seli zitengeneze ute mzito zaidi. Nyingine, kama interlukini-10, kazi yake ni kutuliza.

Shida ni pale mbiu inapokataa kunyamaza. Hata vipande vya wadudu waliokufa huendelea kuichochea. Tena usaha ukishatoka nje ina maana ngoma imetoboka, na kupitia tundu hilo maji na wadudu wapya huingia, wakiwemo wasiosikia ile dawa ya maji aliyokunywa. Mafuta nayo yatapita hapo hapo. Mbiu ikiendelea miezi na miaka, saitokini huamsha seli zinazokula mfupa, na vifupa vitatu vinavyopitisha sauti huharibika. Hili ndilo linaloniumiza: mtoto anaitwa mkaidi darasani, kumbe hasikii.

Usaha uliozidi siku 14 ni ugonjwa sugu, hata kama hauumi. Tiba yake kwa kawaida ni matone ya sikioni, kama siprofloksasini, yanayotolewa na mtaalamu baada ya kulichungulia sikio. Nyumbani, sokota kitambaa safi, laini, kama utambi, kiingize taratibu kinyonye usaha, ukibadilishe hadi kitoke kikavu. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Usimwachie pamba sikioni, na maji ya kuoga yasiingie.

Akivimba nyuma ya sikio, uso ukipinda, shingo ikikaza au akilegea, msisubiri kesho.

Angalia pia kadi yake ya kliniki: chanjo ya nimonia, ya wiki ya 6, 10 na 14, humkinga dhidi ya mmoja wa wadudu wakuu wa sikio.

Mpeleke hospitali ya wilaya wiki hii, mama, na uombe apimwe usikivu.