SOMO: KUANDIKA NA KUPANGA TAREHE

Milima ya Usambara hupata mvua za masika kati ya Machi na Mei, na mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba. Mkulima anayetaka kujua mwenendo wa mvua hizo hutazama kumbukumbu za kipima mvua. Kipimo kisicho na tarehe hakimfai. Tarehe yenye maana mbili ni mbaya zaidi, kwani humpotosha.

Tuseme mwanafunzi wa Lushoto alisoma kipima mvua saa 3 asubuhi, akaandika hivi:

04/11/2023: milimita 30

Sisi Watanzania hutanguliza siku. Kwa hiyo hiyo ni tarehe 4 Novemba, wakati wa vuli. Wamarekani hutanguliza mwezi. Wao wangesoma tarehe 11 Aprili, wakati wa masika! Mvua imehama msimu, ingawa hakuna tarakimu iliyobadilika.

Kompyuta nayo yaweza kukosea. Isipoambiwa kwamba maandishi hayo ni tarehe, hulinganisha tarakimu moja moja kuanzia kushoto. Tazama inavyopanga:

03/04/2024
04/11/2023
05/01/2024

Mwaka 2023 umewekwa katikati ya mwaka 2024! Sasa badili kila tarehe: andika mwaka kwanza, kisha mwezi, mwisho siku. Halafu panga tena:

2023-11-04
2024-01-05
2024-04-03

Sasa mpango ni sahihi. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni ya kuandika tarehe namna hii. Usiache sifuri: mwezi wa 4 huandikwa 04.

Kabla ya kuiuliza kompyuta, "Vuli ilileta mvua kiasi gani?", tuiambie kwanza ipi ni siku, upi ni mwezi na upi ni mwaka. Ikisha kujibu, twaweza kumwandikia mkulima kwa namna aliyoizoea: 4 Novemba 2023.

KUMBUKA: Hifadhi tarehe zote kwa namna moja. Kwa kuzisoma, zionyeshe kwa namna yoyote inayoeleweka.

Maswali
1. Kwa nini tarehe 25/11/2023 haiwezi kusomwa kwa namna mbili?
2. Andika tarehe yako ya kuzaliwa kwa kutanguliza mwaka.
3. Andikeni tarehe zenu za kuzaliwa kwenye vipande vya karatasi. Vipangeni kwa kutanguliza siku, kisha kwa kutanguliza mwaka. Ni mpango upi unaoonyesha mkubwa na mdogo?